Mwaka wa Matayarisho: Tumjibu Nini Jamaa Aliyeko Nyumbani?



Wasomaji wetu watukufu, ni nadra kuipata nyumba ya Waswahili hapa Sydney, iwe Auburn au Lakemba, Blacktown au Liverpool, ambayo haijapokea ombi hili kutoka nyumbani: "Mtoto amemaliza shule na matokeo yake si mabaya, mtazamieni chuo huko kwenu." Mwenye kuomba huwa ni kaka, au shangazi, au jirani wa zamani ambaye haki yake ni sawa na ya ndugu. Na nyuma ya ombi hilo aghlabu yupo wakala aliyekwisha kuwaonyesha wazee kijitabu chenye picha za kupendeza, akawaambia kwamba kijana ataanza kwa mwaka mmoja wa matayarisho, kisha ataingia Chuo Kikuu bila ya shaka yoyote. Wazee huwa wamekwisha kuridhika. Wanampigia simu jamaa yao wa Sydney kwa kutaka neno moja tu, nalo ni "ndiyo".

Sisi twaona kwamba neno hilo moja ni amana nzito. Kwa ajili yake kiwanja huuzwa, shamba hutiwa rehani, na dhahabu ya mama hutolewa sandukuni. Kwa hivyo mwezi huu tumeamua kuitoa safu yetu nzima kwa habari ya kozi hizi za matayarisho, ambazo vijana wenyewe huziita "faundesheni". Rai yetu twaitanguliza mapema. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama mtoto huyu anauhitaji mwaka huo au hauhitaji. Swali la pili ni nani amemwahidi nini baada ya mwaka huo, na kama ahadi yenyewe imeandikwa. Jina la chuo ni swali la tatu. Anayejibu "ndiyo" kabla ya kuyauliza mawili ya mwanzo hajamsaidia jamaa yake, hata akiwa na nia njema.

KOZI HII NI NINI?

Kozi ya matayarisho ni masomo ya kumvusha kijana kutoka shule aliyosoma katika nchi yake mpaka mlango wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha hapa. Kwa kawaida huchukua miezi tisa hadi mwaka mmoja, ingawa zipo fupi na zipo ndefu zaidi. Ndani yake husomeshwa Kiingereza cha kitaaluma, hesabu, na masomo yanayolingana na fani anayoikusudia: sayansi kwa anayetaka uhandisi, uchumi na uhasibu kwa anayetaka biashara.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kijana aliyetoka sekondari na cheti chake alisoma kwanza miaka miwili ya utangulizi kabla ya kuyaanza masomo ya digrii yenyewe. Baadaye Kidato cha Tano na cha Sita vilipoenea Afrika ya Mashariki ndipo kazi hiyo ikarudi mashuleni. Kadhalika, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, humweka mwanafunzi asiyekijua Kiarabu katika masomo ya lugha kwanza. Wapo miongoni mwa mashekhe wetu waliopita njia hiyo, na hakuna anayewahesabu kuwa walirudishwa nyuma.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa, nayo ni kwamba hapa Australia mwaka huu ni biashara. Serikali ilifuta ada za vyuo vikuu mwaka 1974, ikaanza kuwatoza wageni sehemu ya gharama mwaka 1980, kisha tangu mwaka 1990 kila mwanafunzi mgeni anayeanza masomo kwa kujigharimia hulipa ada kamili. Hapo ndipo kozi za matayarisho zilipostawi. Baadhi huendeshwa na chuo kikuu chenyewe au na kampuni yake, na nyingine na makampuni ya nje yaliyofunga mkataba nacho. Biashara si aibu, lakini mnunuzi huikagua bidhaa kabla ya kufungua mkoba.

Yafaa pia kuitenga kozi hii na stashahada, kwani mawakala huzichanganya. Aliyefaulu matayarisho huingia mwaka wa kwanza. Aliyefaulu stashahada ya njia hiyo, kama zile za UTS College (iliyokuwa ikiitwa Insearch mpaka mwaka 2020), aghlabu huingia mwaka wa pili, kwa kuwa stashahada imeshika nafasi ya mwaka wa kwanza. Aidha, stashahada ni cheti kinachotambuliwa katika ngazi za elimu za taifa hili, ilhali matayarisho hayamo katika ngazi hizo. Maana yake ni kwamba kijana akiyaacha matayarisho njiani, au akayamaliza bila ya alama za kumwingiza chuoni, hurudi nyumbani na karatasi ya alama tu, wala hana cheti cha kumwombea kazi.

NANI ANAUHITAJI, NA NANI HAUHITAJI

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Shule za kwetu hazifanani. Mtoto wa Tanzania aliyemaliza Kidato cha Sita amesoma miaka saba ya msingi, minne na miwili, yaani kumi na mitatu. Wa Uganda vivyo hivyo. Vyuo vingi vya hapa huitazama ngazi hiyo kuwa yaweza kumwingiza mtu moja kwa moja mwaka wa kwanza, maadamu alama zake zatosha kwa fani anayoitaka. Lakini aliyeishia Kidato cha Nne hana budi kupita matayarisho au njia nyingine.

Kenya ina habari yake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliviondoa Kidato cha Tano na cha Sita, na mtihani wa KCSE ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Mwenye KCSE nzuri hukubaliwa moja kwa moja na baadhi ya vyuo, na vyuo vingine humtaka apite matayarisho kwanza. Hukumu ni ya kila chuo, na hubadilika fani kwa fani.

Basi njia ya salama ni ipi? Ni kuiandikia ofisi ya usajili ya chuo kikuu chenyewe, kuambatisha nakala ya matokeo, na kuuliza waziwazi: "Je, kwa matokeo haya, kijana huyu aweza kuingia moja kwa moja?" Jibu halina malipo. Wakala hatauliza swali hilo kwa bidii, kwani desturi ya kazi yake ni kulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Hilo si kosa kisheria, ila yatupasa tulijue tunapomsikiliza.

Kuna pia wanaoufikiria udaktari. Twasema kwa uwazi: kufaulu matayarisho hakufungui mlango wa udaktari peke yake. Fani hiyo ina mtihani wake na usaili wake, na viti vyake ni vichache. Mzazi aliyeahidiwa daktari kwa njia ya faundesheni aombe ahadi hiyo kwa maandishi, naye ataona jinsi itakavyonywea.

BARUA YA NAFASI ISOMWE MPAKA MWISHO

Kozi yoyote inayouzwa kwa mwanafunzi mwenye viza ya masomo sharti iwe imeandikwa katika rejista ya serikali iitwayo CRICOS, chini ya sheria ya mwaka 2000 inayowalinda wanafunzi wa kigeni. Rejista hiyo yaonekana na kila mtu. Kozi isiyo na namba ya CRICOS haimpatii mtu viza, hata jengo lake liwe la vioo.

Baada ya hapo itazamwe barua yenyewe. Je, inataja kozi ya matayarisho peke yake, au inaitaja pamoja na digrii inayofuata? Zikitajwa zote mbili, kijana aweza kuomba viza moja ya kumfikisha mwisho wa digrii. Ikitajwa moja, itampasa aombe viza nyingine baada ya mwaka, kwa ada nyingine. Je, alama za kuvukia zimeandikwa, ama imeandikwa tu kwamba "mwanafunzi ataweza kufikiriwa"? Baina ya "atapokelewa akipata alama hizi" na "ataweza kufikiriwa" kuna masafa marefu kuliko ya Mombasa na Sydney.

Kifungo kimoja wengi hawakijui. Kwa kanuni, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuhamia chuo kingine bila ya ridhaa ya chuo chake mpaka amalize miezi sita ya kozi yake kuu. Aliyechukua matayarisho pamoja na digrii, kozi yake kuu ni digrii. Basi kifungo chake chaendelea mwaka wote wa matayarisho na miezi sita ya digrii.

Ama kuhusu malipo, sheria yamlinda mnunuzi. Kwa kozi inayozidi wiki 25, chuo hakina haki ya kulazimisha zaidi ya nusu ya ada kabla ya masomo kuanza. Viza ikikataliwa, chuo hurejesha ada kikikata asilimia 5 au dola 500, kile kilicho kidogo. Chuo kikifungwa, kuna mfuko wa hifadhi ya ada ulioanzishwa mwaka 2012 unaomtafutia mwanafunzi nafasi kwingine au kumrudishia fedha. Lakini ulinzi huu ni wa fedha iliyolipwa chuoni. Fedha aliyopewa wakala mkononi kule nyumbani, bila ya risiti, haimo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

HESABU YA SAFARI NZIMA

Wazee wengi huhesabu mwaka mmoja, ilhali safari ni ya miaka minne au zaidi: matayarisho, kisha digrii ya miaka mitatu kwa uchache. Aliyeulipa mwaka wa kwanza amelipa robo ya safari, na ada za digrii hazipungui mwaka hadi mwaka. Tuandike hesabu kwa dola za Australia.

Ada ya kuomba viza ya masomo ilipandishwa kutoka dola 710 hadi 1,600 tarehe 1 Julai 2024, na kufikia dola 2,000 tarehe 1 Julai 2025. Ada hii hairudi viza ikikataliwa. Tangu tarehe 10 Mei 2024 mwombaji huonyesha uwezo wa dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya masomo na nauli. Kuna na bima ya afya ya muda wote wa masomo. Ada ya kozi yenyewe ni makumi ya maelfu ya dola.

Hapo husemwa: "Atafanya kazi." Haya, tuihesabu kazi. Tangu tarehe 1 Julai 2023 mwanafunzi huruhusiwa saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, yaani saa 24 kwa wiki. Kima cha chini kilichowekwa tarehe 1 Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Kwa hivyo apata kama dola 599 kwa wiki kabla ya kodi, lau atapata saa zote hizo kila wiki. Na walio chini ya miaka 21 katika kazi nyingi hulipwa chini ya kima hicho. Fedha hiyo yaweza kumlipia chumba, chakula na nauli, ikiwa ni mwenye kubana matumizi. Ada ya chuo haiifikii. Na mkopo wa serikali ya Australia haupo kwa mwanafunzi wa kigeni.

Hatuyasemi haya kuwavunja watu moyo. Twayasema kwa sababu kijana aliyekuja na robo ya fedha ndiye tunayemwona akifanya kazi usiku, akisinzia darasani asubuhi, na akifeli matayarisho ambayo akili yake ilikuwa na uwezo wa kuyafaulu.

LANGO LA VIZA

Tangu tarehe 23 Machi 2024 mwombaji hujibu maswali ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wa kweli: kwa nini kozi hii, kwa nini hapa na si nchini kwake, na itamfaa nini maishani. Majibu yanayofanana na ya mwenzake kwa sababu yameandikwa na wakala mmoja humdhuru. Siku hiyohiyo kiwango cha Kiingereza nacho kilipandishwa: IELTS 6.0 kwa anayeingia kozi moja kwa moja, na 5.5 kwa anayepitia matayarisho yanayotambuliwa na chuo kikuu. Kusomeshwa kwa Kiingereza Mombasa, Kampala au Dar es Salaam aghlabu hakumwondolei mtu mtihani huo.

Tahadhari moja kubwa. Zamani baadhi ya watu waliwaleta vijana kwa viza ya matembezi, kisha wakawatafutia chuo wakiwa hapa. Mlango huo ulifungwa tarehe 1 Julai 2024: mwenye viza ya matembezi hawezi tena kuomba viza ya masomo akiwa ndani ya Australia. Anayemshauri jamaa yake afanye hivyo anampotezea nauli.

MLEZI NI NANI?

Wengi wanaokuja kwa matayarisho wana miaka 16 au 17, na hapo sheria hutaka mlezi. Mzazi aweza kumteua ndugu aishiye hapa, mwenye umri usiopungua miaka 21, mwenye mwenendo mwema uliothibitishwa na hati ya polisi, na mwenye ruhusa ya kukaa nchini mpaka mtoto atimize miaka 18.

Lakini maana ya "ndugu" hapa si maana yetu. Sheria inawataja babu na bibi, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi na mama mdogo, pamoja na wa kambo wa daraja hizo. Binamu hayumo. Kwetu sisi binamu wa baba ni baba mdogo, wala hakuna anayeuliza zaidi. Ofisi ya viza itauliza, tena itataka vyeti vya kuzaliwa vya kuunganisha nasaba. Kama mlezi wa daraja hiyo hayupo, chuo chenyewe chaweza kukubali kubeba jukumu la malazi na uangalizi wa mtoto, kwa masharti yake na kwa malipo yake.

Na anayekubali ulezi ajue amekubali nini. Atapigiwa simu na chuo, atakaa vikao vya wazazi, atajua mtoto alilala wapi. Kumwambia jamaa "mlete tu, nyumba ni yenu" ni ukarimu wa asili yetu. Ila kama nyumba ina vyumba viwili na watoto watano, na baba anafanya kazi ya zamu, ni heri kumweleza ukweli huo kabla ya tikiti kukatwa. Hakuna udhia mkubwa kama wa jamaa wawili kukatana kwa sababu ya mtoto waliyemtakia kheri wote.

KIJANA AKITELEZA

Mwaka huu ni mfupi na mbio zake ni kali. Mahudhurio ya chini ya asilimia 80 humweka mwanafunzi matatani. Kwa sababu hiyo twawashauri vijana wawaendee walimu wao wiki ya kwanza kabisa kuhusu sala ya Ijumaa, waulize ratiba ya darasa na waombe kundi lisilogongana nayo. Mara nyingi jambo hilo hutengenezeka kwa mazungumzo mapema, na huwa gumu likiachwa mpaka saa zilizokosekana zimekwisha kuhesabiwa.

Tatizo tunaloliona zaidi ni la kuficha. Kijana amefeli masomo mawili ya muhula wa kwanza. Anajua kiwanja kimeuzwa. Anajua kila Ijumaa mama yake huwaambia majirani, "Mwanangu yuko Chuo Kikuu Australia," naye hata matayarisho hajayavuka. Basi hujibu simu kwa furaha ya kujilazimisha, huziacha barua za chuo bila ya kuzifungua, na polepole huacha kwenda darasani. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Barua hizo ndizo zenye dawa. Kabla ya chuo kumripoti mwanafunzi kwa maendeleo mabaya au mahudhurio, sharti kimpe taarifa ya maandishi na siku 20 za kazi za kukata rufaa. Ndani ya siku hizo aweza kueleza ugonjwa, msiba, au shida nyingine iliyomsibu. Na asiporidhika na uamuzi, yupo Ombudsman wa serikali kuu anayepokea malalamiko ya wanafunzi wa kigeni bila ya malipo. Siku 20 zikipita bila ya neno, chuo hupeleka ripoti na viza huingia hatarini.

Kwa hivyo sisi wakubwa tulio hapa tuna wajibu wa kuwa watu wa kuambiwa. Kijana akija na habari mbaya, tusianze na "Umewaaibisha wazee wako." Tuanze na "Barua iko wapi?" Wala si kila anayefeli matayarisho amefeli maisha. Wengine huhamia stashahada, wengine kozi za ufundi, na wengine hurudi nyumbani wakasoma vizuri katika vyuo vyetu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini uamuzi wa kuhama au kurudi ufanywe na wazazi wakiwa wanaujua ukweli, kwani fedha ni yao na mtoto ni wao.

WATOTO WETU WA HAPA

Tumalizie na jambo ambalo limeleta mkanganyiko katika aila kadhaa. Kozi hizi za wageni hazikuwekwa kwa ajili ya watoto wetu walio raia au wakaazi wa kudumu. Mtoto aliyekuja kutoka kambini akiwa mkubwa, akakosa alama za HSC au hakuufanya mtihani huo, hana haja ya kulipa maelfu hayo. Ana njia zake. TAFE NSW ina cheti cha matayarisho ya elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Newcastle kina Open Foundation, iliyoanza mwaka 1974, ambayo husomwa bila ya ada na ina masomo ya kwa mbali. Chuo Kikuu cha Western Sydney nacho kina kozi za daraja hiyo. Na tangu Januari 2025 serikali kuu inagharimia viti vya matayarisho bila ya ada katika vyuo vikuu.

Akishaingia digrii, raia na mwenye viza ya kudumu ya kibinadamu hupata mkopo wa HECS-HELP. Mkaazi wa kudumu wa viza nyingine hupata kiti kinachochangiwa na serikali, ila hulipa sehemu yake mwenyewe papo hapo. Mwenye viza ya muda anayesubiri uamuzi wa hifadhi huhesabiwa kama mgeni, na baadhi ya vyuo vina ufadhili kwa ajili ya hali hiyo; aulize asikate tamaa. Ama swali la riba katika nyongeza ya kila mwaka ya deni la HECS, hilo ni la mashekhe, nasi hatulitolei hukumu hapa.

MASWALI YA KUWAPELEKEA JAMAA

Kwa kuwa wengi wametuomba kitu cha kunakili na kupeleka nyumbani, tumeyakusanya:

1. Chuo kikuu chenyewe kimejibu kwamba mtoto hawezi kuingia moja kwa moja? Jibu liko wapi?
2. Kozi ina namba ya CRICOS?
3. Barua inaitaja digrii inayofuata, na alama za kuvukia zimeandikwa?
4. Fani anayoitaka mtoto mwenyewe, si anayoitaka baba yake, imo katika ahadi hiyo?
5. Fedha za miaka minne zinatoka wapi, mbali na kazi ya mtoto?
6. Kila kilicholipwa kina risiti, na kimelipwa kwa chuo au kwa mtu?
7. Mtoto ana umri gani, na mlezi wake ni ndugu wa daraja ambayo sheria inaikubali?
8. Akifeli, tumekubaliana nini sote?

Jamaa akiyajibu haya manane kwa utulivu, basi na aje, naye atatukuta hapa. Akishindwa kuyajibu, tumwambie asubiri mwaka mmoja, amalize Kidato cha Sita au afanye IELTS yake vizuri. Huenda akakasirika leo. Ni bora akasirike leo na kiwanja bado ni chake.

Mwezi ujao, insha Allah, safu hii itazungumzia mafunzo ya ufundi na uanagenzi kwa vijana wetu waliomaliza mwaka wa kumi. Wenye maswali wamkabidhi yule aliyewapa nakala hii, nasi tutayajibu kadiri ya uwezo wetu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi kuwa washauri waaminifu kwao na kwa wazee wao.

Wabillahi tawfiq.